Alhamisi Alizima Mungu, Ijumaa Nilizima Mimi

Shangazi Bila Sukari, shikamoo.

Barua hii nimeileta kwa mkono mpaka mapokezi ya gazeti lenu kwa sababu posta itanichelewesha, leo ni Jumanne na Ijumaa asubuhi anakuja fundi umeme, na huyo akishafungua boksi la ukutani tu mimi nimekwisha, kwa hiyo nakuomba kwa heshima zote unijibu katika gazeti la Alhamisi, hata ukinitukana nitashukuru, mradi nijue la kufanya.

Mimi ni mke wa seremala, na kazi yangu ni kupiga msasa na kupaka vanishi katika karakana ya familia aliyoianzisha marehemu baba mkwe, ambayo sasa wanaiendesha wanawe wawili, mume wangu ndiye mkubwa, na mdogo wake, shemeji yangu, ambaye mlango akiupachika yeye hata upepo unabisha hodi. Tunaishi ua mmoja, karakana mbele, vyumba nyuma, na mama mkwe yupo nasi. Kazi yetu yote inategemea msumeno mmoja wa meza, wa umeme, mkubwa na wa zamani, na hauendeshwi na mtu mmoja: mume wangu anasimama mbele anasukuma ubao na swichi iko upande wake, shemeji anasimama nyuma anapokea, na kipande kikikwama chini mashine inazimwa na huyo wa nyuma ndiye anaingiza mkono kukitoa. Baba mkwe aliwafundisha tangu wadogo kwamba kabla ya kuwasha wa mbele anauliza kwa sauti, "Mikono?" na wa nyuma anajibu, "Iko nje!" na bila jibu hilo hata mteja awe mkubwa namna gani swichi haiguswi, na ndiyo maana miaka yote hiyo katika karakana yetu kila mtu ana vidole vyake kumi.

Sasa Shangazi, miezi saba iliyopita baba mkwe alifariki. Alikuwa ameugua muda mrefu, na asubuhi ile alianza kumwita mwanawe mdogo, naye shemeji alikuwa kwenye kazi ya kupachika milango ya shule moja, mwendo wa saa mbili kutoka kwetu, mimi nilikuwa jikoni nachemsha maji ya kumfuta mgonjwa na sauti yake ilikuwa inafika mpaka pale jikoni, mama mkwe ametoka kwenda sokoni, mume wangu yuko kando ya kitanda na simu mfukoni, akasema acha amalize kazi ya watu, mzee huyu tumemzoea, jioni wataonana. Mzee alikata roho saa nane mchana. Shemeji alipofika aliuliza swali moja tu, "Aliniita?" na mume wangu akamjibu, "Alikuwa amelala." Lakini jirani aliyekuja asubuhi kumjulia hali mzee alishamwambia njiani kwamba mzee alikuwa anaita. Shemeji alimtazama kaka yake, akageuka, akaenda kuchonga jeneza la baba yake peke yake, na toka siku ile hawasemezani.

Hawasemezani kabisa, lakini kazi lazima iende, watu wanataka vitanda vyao, basi mimi nikawa katikati. "Mwambie ubao huu una fundo." "Mwambie nimeliona." Na wamesimama hatua tatu kutoka mmoja kwa mwenzake! Kwenye msumeno ndiyo usiseme, mume wangu ananiangalia mimi, mimi namwangalia shemeji, nikiona mikono iko nje natingisha kichwa, mume wangu anawasha. Miezi saba mashine ile imewashwa kwa kichwa changu. Wateja walikuwa wanacheka, mmoja akanipa jina la Swichi, na mimi nilikuwa nacheka nao kwa sababu nilidhani nasaidia.

Usifikiri nilikaa tu. Kila alfajiri nilikuwa naomba, Mungu wapatanishe, Mungu walainishe mioyo, na mama mkwe anafunga kila Jumatatu kwa ajili hiyohiyo. Siku moja nilimwambia, "Mama, waite wote wawili, wakalishe chini," akanijibu, "Mwanangu, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Mwachie Mungu, ndiye aliyewaumba." Nikaona kweli, mimi ni nani, nikarudi kwenye msasa wangu.

Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, kipande kikakwama. Mume wangu akazima, shemeji akaingiza mkono chini ya msumeno mpaka kwenye kiwiko. Wakati huohuo mteja mmoja, mama aliyeagiza meza ya chakula, akachungulia mlangoni akauliza kama meza yake imeshapakwa vanishi, nami bila kufikiri nikamtingishia kichwa kwamba ndiyo. Mume wangu akakiona kichwa changu. Akapandisha swichi.

Niliisikia, Shangazi, ule mlio wake, ka! na macho yangu yalikuwa kwenye kiwiko cha shemeji. Na msumeno haukuzunguka. Haukuzunguka hata jino moja. Taa ya juu ilikuwa imezimika, feni ikaanza kuchoka, redio ya kinyozi wa jirani ikanyamaza katikati ya neno, nikasikia mtaa mzima unaguna kama kawaida yetu umeme ukikatika. Shemeji akatoa mkono wake polepole, na kipande chake mkononi, hajui lolote, akasema, "Mwambie kimetoka." Ndipo akaona mkono wa kaka yake uko juu ya swichi, na swichi imepanda. Tukasimama watatu, hakuna hata aliyekumbuka kuishusha, na baada ya kama dakika mbili umeme ukarudi na msumeno ukaanza wenyewe, ukanguruma, ukazunguka pale mbele yetu hauna mtu, na sisi tunautazama. Sijawahi kuogopa vile wala kushukuru vile, na vyote viwili vilinijia kwa mpigo mmoja, nikakaa chini kwenye unga wa mbao.

Unajua walisema nini? Mume wangu aliniangalia mimi, machozi yanamtoka, akasema, "Mwambie pole." Na shemeji akaniambia mimi, "Mwambie nimeshapoa."

Mama mkwe alipopata habari alinyoosha mikono juu akasema, "Mmeona? Anatupigania. Sisi tukae kimya tumtazame." Mume wangu akasema kesho kazi kama kawaida, Mungu yupo. Nami nililala nikijiuliza, yupo, ndiyo, mchana wa leo nimemwona kwa macho yangu, lakini je, kesho umeme usipokatika?

Alfajiri ya Ijumaa niliomba kama siku zote, nikasema tu, "Nionyeshe," na nilipoinuka miguu ikanipeleka karakana. Msumeno una fyuzi zake tatu za kauri ndani ya boksi la ukutani, zile ambazo ndani zina kipande cha waya, nilishamwona fundi umeme akizibadilisha. Nikazima swichi kuu, nikazichomoa zote tatu, nikatoa nyaya, nikazirudisha mahali pake, ukiangalia kwa nje huwezi kujua. Nyaya nikazitia kwenye boksi langu la msasa. Nakuapia, nia yangu ilikuwa niwaambie palepale: nyaya ninazo mimi, na sirudishi mpaka msemezane kwa midomo yenu.

Saa mbili mume wangu akapandisha swichi. Kimya. Taa inawaka, feni inazunguka, msumeno umekufa. Akashusha, akapandisha tena. Kisha akageuka, akamtazama mdogo wake usoni, "Umegusa kitu?" Na shemeji akamjibu yeye, si mimi, "Sijagusa. Wewe?" Miezi saba, Shangazi! Nikiwa ndiyo nafungua mdomo niseme ni mimi, kumbe mama mkwe amesimama mlangoni na kikombe cha chai, kikombe kikamponyoka, akalia, "Jana amezuia, leo amefunga kabisa!" akapiga magoti. Wanawe wakapiga magoti, mmoja huku, mmoja kule. Na mimi nikapiga magoti. Ningefanyaje?

Mama mkwe akatoa amri, siku saba asiguse mtu mashine wala boksi la ukutani, zikitimia, Ijumaa, aje fundi umeme aangalie, na hata huyo hataona kitu. Habari imeenea mtaa mzima, watu wanakuja, wanasimama, wanavua kofia, wanatazama msumeno. Jana mama muuza maziwa wa mtaa wa nyuma kamleta mwanawe ana homa ya siku tatu, akamshikisha ile meza ya chuma. Nilimwambia mpeleke zahanati, akanishangaa, "Wewe una mashine ya Mungu nyumbani kwako na bado unanitajia zahanati?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini sikiliza na hili. Wanasemezana. Si sana, wanapiga randa kwa mkono, wanaulizana vipimo, mmoja akichota maji ya kunywa anachota na ya mwenzake. Juzi Jumapili shemeji akamuuliza, "Siku ile, baba alisema nini?" Mume wangu akajibu, "Siku saba zikitimia nitakwambia. Mbele ya Mungu, yote." Na atasema, namjua, amebadilika, anatembea ndani ya nyumba kama mtu aliyebeba glasi iliyojaa.

Sasa nifanye nini? Nikisema ukweli nahofia atafunga mdomo tena, na shemeji ataona tulipanga mimi na mume wangu, na hapo ndiyo watazikana bila kusemezana. Nikinyamaza fundi atanikuta. Nimefikiria kurudisha nyaya Ijumaa alfajiri, mashine iwake yenyewe, watu wamtukuze Mungu, mambo yaishe, lakini mkono unasita, naogopa kulitumia jina lake mara ya pili. Je, nilikosa kwa kutomngoja? Au ni yeye aliyeniinua? Nisaidie, Shangazi, sili, silali.

Ni mimi,
Mpiga Msasa

*

Shangazi Bila Sukari anajibu:

Mpiga Msasa, marahaba. Kaa chini, na hilo boksi la msasa liweke karibu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimekaa, ya pili nikavua miwani, ya tatu nikajikuta nimesimama, na mimi si mtu wa kusimama hovyo, muulize yeyote anayenijua magoti yangu. Umeniuliza kama ni Mungu aliyekata umeme. Mwanangu, mimi ni mwandishi wa ukurasa wa gazeti, mambo hayo sipewi taarifa. Najua hili tu: mkono uliingia, swichi ikapanda, na mkono ukatoka una vidole vitano. Mbele ya jambo kama hilo mtu mwenye akili anaanza kwa kunyamaza.

Anaanza, nimesema. Hakai hapo miezi saba.

Kutoa nyaya hukukosea. Ningekuwepo ningekushikia taa. Umeme uliokatika Alhamisi haukukuandikia mkataba kwamba utakatika na Ijumaa, na mtu aliyeonyeshwa shimo leo akalikanyaga kesho asije akasema alikuwa anatumaini. Uliomba uonyeshwe, miguu ikakupeleka kwenye boksi, ukazima swichi kuu kwanza kama mtu mzima. Mimi sioni hapo ukosefu wa imani. Naona imani iliyovaa viatu.

Sasa nikugombeze, maana ndilo ulilolifuata.

Kosa la kwanza ni kichwa chako. Ulimwomba Mungu awakutanishe watu wawili, ukainuka kwenye sala, ukaenda kusimama katikati yao. Angepita wapi? Kila "mwambie" uliyoibeba uliwapunguzia haja ya kusemezana, na uliibeba vizuri mno, mpaka ukapewa jina na ukacheka. Methali ya mama mkwe wako ni ya kweli, lakini anayechukua jembe anaondoka, anakwenda shambani. Wewe hukuondoka hata hatua moja. Wangebaki na ukimya wao wenyewe, msumeno ungesimama siku ya pili tu, na njaa ingewapatanisha kabla ya arobaini.

Kosa la pili ni magoti yako ya Ijumaa. Yale hayakuwa ya sala. Ulipiga magoti kwa sababu wenzako wamepiga, na ukamwachia Mungu sifa ya kazi ya mikono yako, wala hakukuomba. Unasema uliogopa kuwaharibia. Ona sasa: mtoto wa watu anashikishwa chuma. Homa yake ilikuwa ya siku tatu Jumatatu, leo ni ya siku sita. Na kurudisha nyaya kimyakimya ili mashine ifufuke, hilo lifute kabisa kichwani. Mkono wako ulikataa, usikilize mkono wako, una akili kukushinda.

Kosa la tatu hukuliandika kama kosa. Ulilipitisha haraka, katikati ya sentensi ndefu, ukidhani sitaliona. Ulikuwa jikoni unachemsha maji, na sauti ya mzee ilikuwa inafika mpaka pale jikoni. Haya. Ulimsikia. Alimwita mwanawe mara ngapi, mwanangu? Na mlango wa jikoni haukufungwa, na simu sina shaka na wewe unayo. Miezi saba umeomba Mungu ailainishe mioyo ya wanaume wawili, na nyumba ile ilikuwa na watu wawili waliosikia, si mmoja. Nadhani ndiyo maana ulikubali kuwa Swichi. Ulikuwa unalipa kimyakimya deni ambalo hakuna aliyekuuliza.

Sikwambii haya nikuvunje. Nakwambia kwa sababu umehangaika na nyaya tatu siku zote hizi, kumbe nyaya ni dakika mbili za aibu. Hilo lingine ndilo la kusema. Na ukilitangulia wewe, mume wako atapata pa kupitia. Mtu mwoga hahitaji muujiza, anahitaji wa kumtangulia.

Kwa hiyo fanya hivi. Waite watatu, mume, shemeji na mama mkwe, asiwepo jirani. Weka nyaya juu ya meza ya msumeno wazione. Sema: "Alhamisi alizima Mungu, Ijumaa nilizima mimi, kwa sababu mlikuwa mnarudi kwenye msumeno hamsemezani." Usiongeze maua. Kisha mgeukie shemeji yako, mwambie, "Siku ile nilikuwa jikoni, nilimsikia baba anakuita, na sikukupigia. Nisamehe." Halafu nyamaza. Usimtazame mume wako, usimtingishie kichwa, usimsaidie. Akisema, mshukuru Mungu. Akitaka kungoja siku zake zitimie, mwambie Mungu wa Ijumaa ndiye huyuhuyu wa leo. Akikataa kabisa, msumeno na ubaki umekufa, na mle mnachopiga kwa randa ya mkono, hakuna aliyekufa kwa kupiga randa.

Mama mkwe atalia. Mwache alie, halafu mwambie ukweli mwingine, kwamba Alhamisi yake ipo palepale, hujamwibia. Hakuna aliyegusa waya wowote siku ile. Hilo ni lake na lenu, mkalishike vizuri.

Fundi umeme akija, yeye ndiye arudishe nyaya, si wewe, na mwambieni awatafutie swichi ile ambayo umeme ukikatika inajizima, na ukirudi inangoja mtu aiwashe. Mashine inayojiwasha yenyewe mbele ya watu si ya kutunza eti kwa kumbukumbu. Na kazi ya kutingisha kichwa umeacha leo. "Mikono" aulize mwenye swichi, ajibu mwenye mikono, kama baba yao alivyowafundisha. Wasipopendana, shauri yao, lakini hilo watasema.

Mkimaliza, nenda mtaa wa nyuma, mchukue mama muuza maziwa na mwanawe, uwapeleke zahanati wewe mwenyewe kwa miguu yako.

Sasa nikwambie jambo ambalo limeninyima usingizi na mimi. Alhamisi iliyopita saa nne nilikuwa ofisini hapa, naandika ukurasa huuhuu, umeme ukakatika, na kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Nililaani, mwanangu. Nililaani kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Nilimlaani mwenye mitambo, nikailaani na siku yenyewe, kwa dakika mbili kamili, na katika dakika mbili hizohizo shemeji yako alikuwa anatoa mkono wake chini ya msumeno, polepole, hajui. Mji mzima ulikuwa unaguna. Kinyozi alikuwa anaguna, na mimi nilikuwa naguna, na yeye anatoa mkono. Tangu nilipoisoma barua yako sijui niiweke wapi habari hiyo. Nikiona taa inafifia, nanyamaza.

La mwisho. Umeniandikia nikujibu gazetini, na hukufikiri kwamba kinyozi wa jirani yako naye ananunua gazeti. Msumeno wa Mungu hauko mitaa yote, Mpiga Msasa. Ningeweza kubadilisha mambo, nikawafanya mafundi viatu. Sikubadilisha hata neno, na nilijua ninachofanya, maana nyumba hiyo imeshachoka kufichiwa. Nichukie ukitaka, ila subiri kesho. Mapokezi waliandika anwani yako, kama wanavyomwandika kila mtu, na nimemwomba dereva wetu akuletee nakala ya kwanza mlangoni saa kumi na mbili asubuhi. Duka la magazeti la mtaani kwenu linafungua saa mbili.

Kwa hiyo una saa mbili, ukiacha muda uliotumia kusoma. Usioge, usiweke chai. Mume wako yuko hapo kando yako, ataamka kwa kelele zako. Anza kwa kugonga mlango wa shemeji.